Makopa ya Mwaka wa Kuhama

Kiti kaeni nacho. Mimi nikikaa goti linaganda na hasira inapoa, na leo sitaki ipoe. Nimetoka nyumbani kwa miguu, nikazikataa bodaboda zote zilizonipigia honi kuanzia kule barabarani, kusudi nifike hapa jikoni kwenu bado nimechukia. Na kweli nimechukia. Kwa hiyo ninyi wapishi, na ninyi wanafunzi mliojazana mlangoni mkijifanya mmekuja kuchota maji, nisikilizeni.

Juzi kwenye sherehe ya shule nilikaa nyuma kabisa, maana wapishi wastaafu hawawekewi viti vya mbele. Akasimama kijana mmoja amevaa tai, akasoma historia ya shule. Alisoma vizuri, sina ugomvi na sauti yake. Alipofika miaka ya sabini akasema kwamba shule iliwahi kutikiswa na uzembe wa mpishi mmoja mkimbizi, aliyesababisha wanafunzi kula chakula chenye sumu, lakini kwa uongozi imara shule ikasimama tena. Watu wakapiga makofi. Makofi! Nikamuuliza jirani yangu, wanampigia nani? Akanijibu, mzee, wanaupigia uongozi imara. Nikainuka nikaondoka, nyama ya sherehe sikuigusa, na mke wangu mpaka leo ananisema kwa sababu ya ile nyama.

Mpishi huyo alikuwa na jina. Aliitwa Daforoza, na ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuwa mzembe. Mzembe nilikuwa mimi.

Nilikuja hapa kijana kutoka Heru Juu, nimeajiriwa kupasua kuni. Siku moja msaidizi wake akaugua malaria, Daforoza akaniambia, wewe, shika mwiko. Nikajiona nimepanda cheo. Nikamimina unga wote kwa mara moja kwenye maji yanayochemka, fyuu, kama mtu anayemwaga mchanga. Ukatokea ugali wenye madonge makubwa kiasi kwamba ukilipasua donge, ndani unakuta unga mkavu unakupulizia usoni. Nikajaribu kuyasaga kwa nguvu, sufuria likayumba kwenye mafiga, nusu ya ugali ikaenda motoni. Daforoza hakunitukana. Alisimama akauangalia ule ugali unavyoungua, akasema, "Leo hata moto umeshiba." Halafu akanipa mwiko mwingine, tukaanza upya, na wanafunzi walikula wamechelewa huku wakipiga sahani zao mezani na kuniimbia nyimbo za kunidhihaki. Walinipa jina la Madonge. Kuna watu wazima huko Kasulu, wana vitambi na magari, bado wananiita hivyo.

Kwake nilijifunza kwamba moto wa ugali na moto wa maharage si moto mmoja. Maharage yanataka kuni nene, zikae chini, ziwake polepole. Ugali unataka kuni nyembamba zinazotoa ndimi, kwa sababu unahitaji joto la haraka halafu unazivuta nje. Nilijifunza kwamba mawese hayatiwi kwenye maharage yanayochemka kwa fujo, unasubiri yatulie. Nilijifunza kusimama. Ndiyo, kusimama! Mnacheka nini? Mtu akisonga ugali wa shule nzima huku ameinama kama anapalilia, kabla ya uzee mgongo umekwisha. Unatanguliza mguu mmoja, unasukuma kwa bega. Mimi mgongo wangu ni huu hapa, mzima. Kilichokufa ni goti, na goti niliumia kwenye mpira.

Sasa hiyo historia yenu. Mnadhani shule hii ilianzishwa na mtu mmoja kwa sababu jina lake mmelipaka rangi juu ya bwalo. Haikuwa hivyo. Shule ya misheni ilikuwa imeshachukuliwa na serikali, nafasi za kidato cha kwanza chache, na watoto wetu walikuwa wakimaliza darasa la saba wanarudi kushika jembe, hata wale wenye akili. Wazazi wakachukia, kama nilivyochukia mimi leo. Wakasema tutajenga yetu. Wakapewa mlima huu kwa sababu hakuna aliyeutaka: mawe, upepo, na baridi ya asubuhi inayouma masikio. Darasa la kwanza lilikuwa ghala la kahawa, watoto walitoka humo wananuka kahawa mpaka kwenye nywele. Wengine walitoka mbali, wazazi wao waliwaleta kutoka Kibondo, kule Kumsenga, juu ya malori, kwa sababu ilikuwa ya bweni.

Mwalimu mkuu, mwenye hilo jina la bwaloni, alikuwa Mwalimu Lameki, mtoto wa huku huku, aliyeacha kazi nzuri kwenye shule ya serikali ili aje kwetu. Sitamnyima haki yake. Alibeba mawe kichwani na sisi. Alifundisha masomo ambayo hayakuwa na mwalimu. Na yeye ndiye aliyeweka ile kanuni nzuri ya chakula. Alisema kila mzazi ataleta gunia la makopa na debe la maharage, na vikifika hapa vinachanganywa. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mjane watakula ugali mmoja, na hakuna atakayejua huu unga umetoka nyumba gani. Nilimpenda kwa kanuni ile. Nasema wazi, nilimpenda.

Makopa mnayajua? Hamyajui. Ninyi mnaletewa sembe kwenye mifuko yenye picha ya jogoo, mnakata uzi, mnamimina. Muhogo wetu wa huku, ule unaozaa sana, ni mchungu. Una sumu. Unaumenya, unauloweka kwenye vidimbwi kando ya kijito siku kadhaa mpaka ulainike na kutoa harufu, unautoa, unauanika juani mpaka ukauke vipande vigumu. Hivyo vipande ndivyo makopa. Ukivitwanga unapata unga mweupe kama chaki. Lakini ukiruka maji, ukaumenya na kuuanika tu, utapata makopa yanayofanana kabisa na yale mengine kwa macho, na sumu yote imo ndani. Kila Muha anajua hilo. Mtoto anayejifunza kutembea anajua.

Kwa hiyo kabla ya kuchanganya, Daforoza alikuwa anaonja.

Siku ya kufungua shule alikaa kwenye kigoda pale mlangoni. Mzazi anashusha gunia, anasalimia, anasubiri. Daforoza anazamisha mkono mpaka chini kabisa, kwa sababu juu kila mtu anaweka mazuri. Anatoa kopa moja, analivunja, ananusa, anatafuna kidogo. Halafu anatulia. Uchungu wa muhogo hauji haraka, vijana. Unakuja nyuma ya ulimi wakati umeshaanza kufikiria mambo mengine. Anatema. Akisema "ego", ndiyo, gunia linaingia ghalani. Akisema "oya", hapana, gunia linawekwa kando, na anamwambia mwenyewe sikioni, "Usijali, tutayaloweka tena hapa kwetu." Hakuna aliyeaibishwa mbele ya mwenzake. Nilifanya naye kazi hiyo miaka, na sikumbuki mtoto hata mmoja aliyeumwa tumbo kwa ugali wetu.

Alitoka Burundi mwaka ule wa mauaji. Alivuka amemshika binti yake mkono, miguu imevimba, na mume hakuwepo tena. Nyumba ya kwanza kugonga upande wetu ilikuwa ya Bibi Bukuru. Bibi Bukuru alimfungulia, akampa maji, akampa pa kulala, na hakumwuliza kitu mpaka alipoanza kusema mwenyewe. Lugha haikuwasumbua, maana Muha na Mrundi wakikaa pamoja wanaelewana kama ndugu wa tumbo moja. Na huyo Bibi Bukuru, msije mkapotea, alikuwa mama mzazi wa Mwalimu Lameki. Yeye ndiye aliyemwambia mwanawe, nina mtu anayejua kupika, mchukue. Wakimbizi wengi walikuwa wanapelekwa mbali, kwenye makazi yao huko porini, lakini Daforoza aliachwa kwa sababu shule ilisema huyu ni wetu, tunamdhamini. Binti yake, Konsolata, akakua hapa jikoni mpaka akaingia kidato cha kwanza, na kazi ya mama yake ndiyo ilikuwa karo yake. Mama yule hakuwa na jambo lingine duniani. Ukimwuliza habari gani, alikujibu habari za Konsolata.

Basi ukaja mwaka wa kuhamia vijijini.

Mimi si mwanasiasa, na mambo ya nchi nawaachia wenyewe. Nasema nilichokiona. Watu waliokuwa wametawanyika milimani, kila mmoja na mgomba wake na kijito chake, waliambiwa wahamie kando ya barabara, nyumba zipangwe kwa mstari. Wengine walihamishwa muhogo ungali shambani. Wakaung'oa haraka haraka. Sasa wauloweke wapi? Vidimbwi vyao vimebaki kule milimani. Kijiji kipya kina chemchemi moja ya maji ya kunywa, ukijaribu kuloweka muhogo pale wenzako watakutoa kwa fimbo. Wakafanya walichoweza. Wakaumenya, wakaukata vipande vyembamba, wakauanika juu ya mapaa. Na shule ilikuwa inafunguliwa, na kanuni ilikuwa gunia moja kila mzazi. Wakaleta.

Siku ile Daforoza alitema mate mpaka midomo ikamkauka. Oya. Oya. Oya. Rundo la kando likawa kubwa kuliko la ghalani. Bibi Bukuru naye alileta gunia, kwa ajili ya mjukuu wake aliyekuwa anasoma hapa. Alikuwa amehamishwa kama wengine, mama wa mwalimu mkuu hakupewa kijito chake. Daforoza akaonja, akatema, akamwambia sikioni yale yale. Mimi nilikuwa karibu, nilisikia. Bibi Bukuru akacheka kwa aibu, akasema, "Yoo, mwanangu, nilijua ulimi wako utanikamata."

Tukaanza kuyaloweka yale mabaya upya kule bondeni. Lakini ilikuwa masika, jua halionekani, makopa hayakauki, yanaota ukungu. Yale mazuri yakakaribia kwisha. Na ndiyo wiki tuliyokuwa tunawasubiri wakaguzi waje kuamua kama shule yetu isajiliwe au ifungwe.

Mwalimu Lameki akaja hapa jikoni asubuhi, amevaa suti.

"Dada Daforoza, leo tunapika nini?"

"Maharage, Mwalimu. Unga umekwisha."

"Na yale magunia pale?"

"Yale bado hayajaingia majini. Ni machungu."

"Wakaguzi wanafika leo. Wakikuta watoto wanakula maharage matupu wataandika shule haina chakula. Wataifunga. Unataka ifungwe?"

"Sitaki. Lakini haya yataumiza watoto. Mwalimu, wewe umekula muhogo kabla hujaota meno, unajua."

"Chukua yale machache yaliyobaki ghalani, changanya. Uchungu utapotea."

"Hautapotea. Utaenea."

Daforoza akashusha sauti, akasema, "Na moja katika haya magunia ni la..."

"Najua ni la nani," akasema Mwalimu Lameki. "Nilimwona akilishusha. Changanya."

Msije mkaniambia hakujua. Kijana wenu wa tai akisema hakujua, mpelekeni kwangu. Alijua makopa ni machungu, alijua kwa nini ni machungu, na alijua hata gunia moja limetoka kwa nani.

Daforoza akafungua kitambaa alichojifunga kiunoni, akakikunja, akakiweka juu ya kinu. Akasema, "Mimi sipiki." Akatoka nje akakaa. Mwalimu akanigeukia mimi. Nikamwambia, "Na mimi sipiki." Sikusema hivyo kwa ushujaa, nilisema kwa sababu mwalimu wangu wa kazi amesema. Akamwita mlinzi na wanafunzi wakubwa wa kidato cha nne. Hao ndio waliotwanga, hao ndio waliosonga, na Mwalimu Lameki amesimama palepale mikono nyuma, anaangalia saa. Sisi wawili tulizuiwa kukaribia bwalo mpaka watoto walipomaliza kula.

Wakaguzi walifika, wakaona bwalo limejaa watoto wanakula ugali mweupe, wakafurahi. Walikuwa wamekwenda kuangalia maktaba balaa lilipoanza. Kwanza mtoto mmoja alishika kichwa, akasema anaona vitu viwili viwili. Halafu wakaanza kutapika, huku na huku, kwenye nyasi, kwenye ngazi, wengine hawawezi kusimama. Nilikimbia na ndoo mpaka mikono ikakosa nguvu. Daforoza alikuwa anawanywesha maji na kuwashika vichwa, mmoja mmoja, na mjukuu wa Bibi Bukuru alikuwa mapajani mwake, na Konsolata mwenyewe alikuwa amelala kwenye ukuta ule pale, macho yamegeuka. Kwa rehema za Mungu wote walipona. Lakini wakati ule hatukujua kama watapona, na mama yule alikuwa akitoka kwa mtoto wa mwenzake anakwenda kwa wake, anarudi tena kwa wa mwenzake.

Ukaitishwa mkutano wa wazazi. Bwana mmoja kutoka wilayani naye akaja. Uwanja ukajaa.

Mwalimu Lameki akasimama, na hapo ndipo nilipojua elimu inaweza kufanya nini mdomoni mwa mtu. Hakusema uongo uliokaa wazi. Alisema, "Siku ile mpishi mkuu aliacha kazi yake bila ruhusa, chakula kikapikwa na watu wasiojua. Huo ni uzembe." Mnaona? Kukataa kwake kulisha watoto sumu ndiko kulikogeuzwa kuwa uzembe! Nikaruka nikasimama. Nikasema, "Aliacha kwa sababu wewe uliagiza! Mimi nilikuwepo, nami niliacha!" Mzee mmoja akanivuta shati, akaniambia, "Kijana, kaa chini, wakubwa wanaongea." Nikasema sikai. Wakanikalisha.

Yule bwana wa wilayani akauliza, "Makopa yalikuwa ya nani? Na kwa nini hayakulowekwa?"

Jamani, laiti mngeuona ule uwanja. Wazazi wale wote, wanaume kwa wanawake, wakaanza kuangalia vidole vyao vya miguu. Kila mmoja alilijua gunia lake. Kila mmoja alikuwa ameambiwa sikioni. Lakini ukisema hayakulowekwa kwa kuwa kijito kimebaki mlimani, umesema nini mbele ya mkubwa? Umelalamikia kuhama. Na ile kanuni yetu nzuri ya kuchanganya ikawapa pa kujificha, maana unga ulikuwa wa wote, kwa hiyo haukuwa wa mtu. Niliwachukia siku ile. Kuna wengine bado wako hai, nakutana nao sokoni Kasulu, wananisalimia, nawaitikia, na bado nawachukia.

Bwana yule akamgeukia Daforoza. "Wewe ulionja. Yalikuwa ya nani?"

Daforoza, aliyekuwa anakumbuka hata gunia la mtu wa Kumsenga aliyeleta mara moja tu na hakurudi, akasema, "Sikumbuki."

Hapo mtu mmoja nyuma akasema, "Hawa watu wa ng'ambo, nani anajua walichokuja nacho." Mwingine akasema sumu. Neno likapita uwanjani haraka, na kila aliyelipokea akalishukuru, kwa sababu lilimwondolea mzigo. Ikaamuliwa kwamba shule haimdhamini tena. Apelekwe kwa wenzake kwenye makazi. Shule ikapewa nafasi nyingine, na mwaka uliofuata ikasajiliwa. Huo ndio uongozi imara mlioupigia makofi.

Mimi hawakunifukuza. Tulikataa wawili, siku moja, mlango mmoja, kwa maneno yale yale. Lakini mimi ni mtoto wa Heru Juu, baba yangu na baba yake Lameki walichunga ng'ombe pamoja. Nilipokwenda ofisini kusema nami naacha kazi, Daforoza ndiye aliyenizuia. Aliniambia, "Ukiondoka, nani atawaonjea?" Nikamwuliza, kwa nini hukumtaja mama yake Mwalimu? Ungemtaja, Mwalimu angeshikwa na haya, angesema ukweli. Akaniangalia kama ananiona mtoto.

"Niliposhuka nimemshika mwanangu mkono, nani alinifungulia? Nimsimamishe mbele ya uwanja ule, kwa makopa?"

Lori lilikuja mchana. Lilikuwa la mfanyabiashara wa Kasulu, lile lile lililokuwa likituletea chumvi na mawese. Daforoza alikuwa na mzigo mmoja tu wa nguo. Konsolata alikuwa amevaa sare. Karani wa shule akaja mbio, akasema sweta ni mali ya shule. Katika baridi hii! Mtoto ambaye bado anatembea kwa kushika ukuta! Konsolata akalivua, akalikunja vizuri kama alivyofundishwa na mama yake, akampa. Nilitaka kumpiga yule karani. Dereva, Mwislamu mmoja mpole, ndiye aliyenishika mkono.

Hapo akatokea Bibi Bukuru. Alikuwa amepanda mlima wote kwa miguu, anahema, habari ndiyo kwanza imemfikia kule kijiji kipya. Akamfunika Konsolata kwa kitenge chake. Halafu akapiga magoti mbele ya Daforoza, kwenye mawe, akapiga makofi polepole, vile tunavyomsalimia mtu tunayemheshimu kuliko sisi. Mwanamke mzee, kwa mkimbizi mdogo kwake kwa miaka mingi. Daforoza akajaribu kumwinua, akakataa.

Walimu walikuwa wametoka, wanafunzi madirishani, wazazi wachache. Mwalimu Lameki alikuwa amesimama ngazini.

Bibi Bukuru akamgeukia. Akasema kwa Kiswahili, ili wote waelewe, hata dereva.

"Lameki, mwanangu. Huyu mama hana kosa. Makopa yalikuwa yangu. Aliyakataa mbele yangu. Mwambie bwana wa wilaya makopa yalikuwa ya mama yako."

Nikasema moyoni, sasa. Sasa atashuka ngazi. Hakuna mtu aliyezaliwa na mwanamke atakayesikia maneno hayo akabaki amesimama.

Mwalimu Lameki akawaangalia wale wazazi. Akatabasamu kidogo, kwa huzuni ya kutengeneza. Akasema, "Mama amezeeka. Mpelekeni akapumzike."

Na walimu wawili wakamshika, kwa upole, wakampeleka kivulini. Lori likawaka. Daforoza alikuwa ameinua mkono lakini hakuupunga. Sikumwona tena. Niliuliza watu waliokwenda huko kwenye makazi, miaka na miaka, kuna aliyemwona? Wapi. Kama Konsolata alipata shule nyingine, sijui. Mtoto yule alikuwa anajua hesabu kuliko wote darasani kwake.

Mimi nilibaki, nikakaa kwenye kile kigoda, nikaonja. Mpaka ninastaafu nimeonja.

Bibi Bukuru aliishi bado miaka mingi. Mjukuu wake alimaliza hapa akaenda zake, lakini kila shule ilipofunguliwa yeye alikuja na gunia lake, makopa yaliyolowekwa barabara, matamu, nadhani aliubeba muhogo wake mpaka kwenye kijito chake cha zamani. Alikaa kwenye foleni kama mzazi yeyote. Alipofika mbele yangu alisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima, "Mimi ni mama wa mwalimu mkuu. Yale machungu yalikuwa yangu." Watu walikuwa wanacheka taratibu, wanamwonea huruma, wanaambiana, bibi huyu amezeeka kweli. Wale wale walioangalia vidole vyao! Nami nilikuwa namjibu kwa sauti kubwa kuliko yake, "Ego, Bibi. Yalikuwa yako. Na aliyakataa."

Alipenda nimjibu hivyo. Alikuwa anasubiri mpaka nimjibu ndipo alishushe gunia. Na kule ofisini, hata siku za joto, mwanawe alikuwa anainuka kufunga dirisha.